Cheni ikilia alfajiri, usiongeze redio!

Wiki hii safu yenu haiongelei mapenzi wala pamba za Jumamosi. Mnivumilie kidogo, hasa nyie masela mliovuta gari la kwanza juzi juzi na sasa hata kiberiti dukani mnafuata na gari. Na nyie akina dada mnaoshika usukani, msifunue ukurasa mwingine. Mambo haya yatakukuta siku moja saa kumi na mbili asubuhi, na shemeji wa kumpigia simu hatakuwepo.

Nilikuwa Mafinga. Kwa wasiopajua, ukitoka Iringa mjini ukashika barabara kuu ya kwenda Mbeya, kilomita kama 80 hivi, ndiyo unaingia. Makao makuu ya wilaya ya Mufindi, mji wa mbao na malori ya magogo, na ukipita na basi utauziwa kila kitu dirishani. Halafu kuna baridi. Mwezi Julai, Mafinga unavaa koti mpaka kitandani, na asubuhi maji ya kunawa yanakung'ata vidole. Mimi mtoto wa Dar nilikwenda kwa sendofu ya binti wa ukoo, nikafikia kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo.

Huyu mdogo wangu ameula. Miaka minne alikuwa porini Sao Hill, kwenye lile shamba la miti la serikali, akiangusha paina kwa chensoo. Akabana matumizi, akaingia kikoba, akakopa kilichopungua, akanunua Probox kwa jamaa wa Iringa. Sasa anabeba abiria na mizigo yao kwenda vijijini. Kijiweni wanamwita bosi, na mwenyewe ameanza kuitikia.

Asubuhi ya kwanza tukatoka kwenda kuchukua mchele wa sherehe. Giza halijaisha vizuri, mvuke unatutoka mdomoni kama wavuta sigara. Akatia ufunguo, akapiga stata.

Kwarrrrr!

Bwana we, nilidhani kuna mtu kamwaga nati kwenye sufuria! Sauti ilitoka mbele, upande wa dereva, ikaendelea kwa muda wa mtu kusema "shikamoo mama, habari za asubuhi", ndipo ikatulia. Mdogo wangu alifanya mambo mawili. La kwanza, alikanyaga mafuta mpaka injini ikapiga kelele kama basi linaloacha abiria. La pili, akaongeza sauti ya redio.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Baridi tu, braza. Ikipata moto inaacha."

"Imeanza lini?"

"Tangu niinunue. Mwanzoni ilikuwa kidogo."

Msomaji wangu, hapo kwenye "mwanzoni ilikuwa kidogo" ndipo nilipochoka.

Haya, sasa tufungue boneti. Ndani ya injini kuna kranki huku chini, inayozungushwa na pistoni, na juu kuna kemshafti zinazofungua na kufunga valvu. Hawa wa chini na wa juu lazima waende pamoja kama kwaya: kranki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja, bila kukosea hata jino. Kinachowaunganisha ndiyo taiming. Kwenye magari mengine ni mkanda wa mpira, kwenye mengine ni cheni ya chuma. Ukiwa barabarani injini inakwenda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila kemshafti inapiga mizunguko 25 kwa sekunde moja. Hebu hesabu mwenyewe kutoka Mafinga mpaka Makambako.

Magari ya kina baba zetu wadogo, zile Corolla 100 na 110 zenye injini za 4A-FE na 5A-FE, yalikuwa ya mkanda. Ukifika kilomita 100,000 unabadilisha. Na ukipuuza mkanda ukakatika, injini inazima tu. Kwenye injini hizo pistoni na valvu hazifikiani, kwa hiyo unafunga mkanda mpya, unaendelea na safari. Ndiyo maana vijana wengi wamekua wakisikia kwamba kukata taiming ni soo la mchana mmoja.

Halafu zikaja hizi tunazotanulia leo. Probox na IST zilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na ile injini ya 1NZ iliyomo humo utaikuta pia kwenye Vitz, Raum na Spacio. Spacio, Allion na Wish nyingine zina 1ZZ. Noah nyingine ni 1AZ. Nissan X-Trail zile za kwanza za petroli zina QR20. Zote hizo ni cheni. Na hapo ndipo ulipozaliwa ule wimbo wa kila kijiwe: "Hii ya cheni, haibadilishwi mpaka unaizika!"

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Cheni inayotunzwa inaweza kuishi miaka mingi kuliko mkanda wowote, na kitabu cha gari hakikuwekei kilomita za kuibadilisha. Magari mengi ya dizeli ya Toyota yenye mkanda yana kitaa kwenye dashibodi, kimeandikwa T-BELT, kinawaka kilomita zikitimia. Cheni haina kitaa chake. Yenyewe inapiga kelele, tena asubuhi ya baridi kabla watu hawajaamka, na ukiwasha redio huisikii.

Nusu ya pili ya huo wimbo ni uongo unaouma. Injini ya 1NZ si kama 4A. Humo pistoni ikipanda wakati valvu imeshuka, zinakutana. Cheni ikiruka meno ya kutosha, valvu zinapinda, na kama una mkosi hata pistoni inatoboka. Hapo huzungumzii mchana mmoja tena, unazungumzia silinda hedi kushushwa, au injini nzima ya mtumba.

Na wala sikumtolea mfano wa mbali. Pale pale stendi kuna mshikaji wake mwenye Vitz ya gia za kukanyaga, nayo ilikuwa ikilia hivyo hivyo. Betri yake imechoka, kwa hiyo kila asubuhi wenzake wanaisukuma, yeye anaachia klachi ghafla, gari linaruka kama mbuzi aliyechapwa. Cheni iliyolegea haipendi mshtuko wa namna hiyo hata kidogo. Siku moja alisukumwa, gari likaruka, likatoa sauti kama kijiko kwenye mashine ya kusaga, likanyamaza. Akawaambia wasukume tena. Wakasukuma tena! Ile mara ya pili ndiyo iliyomaliza valvu zilizokuwa zimebaki. Hivi sasa jamaa anachapa lapa, na Vitz iko chini ya mti imegeuka banda la kuku. Nimewaona kuku kwa macho yangu.

"Yule alisukuma," mdogo wangu akajitetea. "Mimi sisukumi."

Basi nikamuuliza swali moja tu. Kule Sao Hill, ukiwa na chensoo, kila ukijaza petroli unajaza nini kingine?

"Oili ya cheni."

"Usipojaza?"

Akacheka. Akanieleza mwenyewe, kama mwalimu: cheni inapata moto, pini zinalika, inalegea, unakaza skrubu, inalegea tena, mwishowe inaruka kwenye baa na kama huna bahati inakufuata mguuni. Akasema vijana wapya porini wanafukuzwa kazi kwa kosa hilo.

"Na hii ya kwenye gari nayo inakula oili gani?"

Akanyamaza. Redio ikaendelea kuimba peke yake.

Hapo ndipo penye siri yote, masela. Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba chuma ni ndala. Chuma hakijavutika. Cheni ina pingili nyingi, kila pingili ina pini, na kila pini inalika kidogo sana, pengine chini ya unene wa unywele. Zijumlishe zote, cheni nzima imekuwa ndefu. Kinachozuia pini zisilike ni oili safi. Oili ikiwa nyeusi nzito kama lami, au ikiwa imepungua, unasugua chuma kwa chuma chenye mchanga.

Oili ina kazi ya pili. Ile cheni inakazwa na kidude kinaitwa tenshena, na tenshena inasukumwa na springi pamoja na presha ya oili. Usiku gari likilala, oili inashuka yote kwenye sampu. Asubuhi ukiwasha, kabla oili haijapanda, tenshena haina nguvu kamili, na cheni iliyorefuka inajipigapiga pembeni. Ndiyo ile kwarrr. Ikiwa ni mlio mfupi wa sekunde moja na hauongezeki wiki hadi wiki, usikose usingizi. Ukianza kurefuka, au ukiusikia hata injini ikiwa ya moto, mtafute fundi wiki hiyo hiyo.

Sasa fikiria baridi ya Mafinga na oili aliyokuwa akiweka mdogo wangu: ile nene kabisa, tena ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, kwa sababu kijiweni walimwambia oili nene ndiyo inalinda injini. Kwenye kopo la oili kuna namba mbili. Ile ya kwanza, yenye herufi W, ndiyo inayoeleza oili inavyotembea kwenye baridi, na ikiwa ndogo ndiyo inatembea upesi. Injini ya 1NZ imetengenezewa 5W-30. Yeye alikuwa anaipa uji wa ulezi alfajiri ya Julai, halafu anakanyaga mafuta kabla uji haujapanda! Injini ikiwaka, iache ihemee yenyewe nusu dakika hivi, halafu ondoka polepole. Kupiga resi kwenye baridi ni ubishoo wa kujiumiza.

Baada ya sherehe (nyama ilikuwa nyingi, ulanzi ukatembea, mengine sisemi) nikamburuza mpaka kwa fundi mmoja Kinyanambo. Mzee wa makamo, ovaroli limekolea grisi mpaka linasimama lenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Kamwene! Mmeleta mgonjwa gani?"

Nilipenda alivyoanza, kwa sababu hakushika spana. Kwanza alitaka gari lilale pale pale mpaka asubuhi, alisikie likiwa la baridi. Pili alichomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kimekauka karibu mpaka alama ya chini. Akatikisa kichwa. Tatu akafungua mfuniko wa kujazia oili, akamulika na tochi ndani, akatuita tuangalie. Chuma chote kilikuwa kimevaa tope la kahawia.

Kesho yake alfajiri akawasha, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava la mbele na mpini sikioni, kama daktari. Halafu akazima, akaacha injini ipoe, akalegeza fan beliti akaitoa, akawasha tena kwa sekunde chache tu. Kama kelele ingepotea, basi ni beringi ya altaneta au ya pampu ya maji, na tungerudi nyumbani tukicheka. Haikupotea.

Akafungua kava la juu, akabonyeza cheni kwa kidole katikati ya gia mbili za kemshafti. Ikacheza.

"Gaidi zimekwisha," akasema.

Mwenzangu akageuka nyuma kutazama barabarani! Ikabidi nimtulize. Gaidi ni zile reli mbili zenye uso wa plastiki ngumu ambazo cheni inateleza juu yake, moja imesimama, nyingine inasukumwa na tenshena. Zikilika, cheni inakata mfereji ndani yake, na vipande vya plastiki vinadondoka kwenye sampu, kwenye chujio la oili. Chujio likiziba, oili haipandi. Oili isipopanda, tenshena inalegea zaidi. Kasheshe juu ya kasheshe.

Mzee akasema kazi yake ni ya namna moja tu: cheni, tenshena, gaidi zote mbili, na gia zikionekana zimelika, nazo. Kijana mmoja pale gereji nyingine alishatuambia atafunga cheni peke yake kwa bei ya kirafiki. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Cheni mpya juu ya gia zilizochongoka inalika upesi kufuata umbo la zile gia, na tenshena iliyochoka itailegeza hiyo hiyo mpya. Utakuwa umelizwa mara mbili kwa kazi moja. Duka la jirani lilikuwa na seti kwenye boksi jeupe lisilo na jina. Mzee aliishika, akaipima mkononi, akairudisha bila neno. Mimi nikapiga simu Kariakoo kwa jamaa yangu wa spea, nikamtajia namba ya injini, na mzigo ukapanda basi la asubuhi. Jioni tukaupokea stendi.

Kazi yenyewe sitaieleza yote maana safu hii si kitabu cha ufundi, lakini kuna mambo ambayo mwenye gari anatakiwa kuyaona kwa macho yake, hata kama ameshika kikombe cha chai.

La kwanza ni jeki. Kava la mbele halitoki mpaka mauntini ya upande ule ifunguliwe, kwa hiyo injini lazima iegemezwe kwa chini, jeki na kipande cha ubao juu yake. Ukiona jeki imegusa sampu ya bati moja kwa moja, piga kelele. Pale Mafinga walau ubao si tatizo.

Pili, boliti ya puli ya kranki. Imekazwa kweli kweli. Mafundi wa mkato wanaweka spana ndefu, wanaiegemeza kwenye chasisi, halafu wanapiga stata ili injini yenyewe iifungue. Inafungua, sikatai. Lakini spana ikichomoka inaruka na meno ya mtu. Mzee wetu alikuwa na chuma chake cha kushikilia puli, akavuta na bomba refu, tulisikia "tak!" tu.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapochemsha, ni alama. Kabla ya kutoa cheni, kranki inawekwa alama yake kwenye sifuri, na gia mbili za juu alama zake zinatazama juu. Cheni mpya inakuja na pingili chache zenye rangi tofauti, na kila moja inakaa kwenye alama ya gia yake. Mzee alituita tukazihesabu wote watatu. Ukikosea jino moja injini itawaka, lakini itatetemeka, itakosa nguvu mlimani, na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi. Ukikosea zaidi unarudi kwenye habari ya kuku na Vitz.

Baada ya kufunga, alizungusha injini kwa spana, kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili ya kranki. Akatuambia: ikigoma njiani usilazimishe, simama utafute kosa, maana hapo valvu na pistoni zimeshaanza kusalimiana. Zile pingili za rangi hazikurudi mahali pake baada ya kuzungusha, mdogo wangu akashtuka akadhani tumeharibu. Kumbe ndivyo zilivyo, huchukua mizunguko mingi mpaka zikutane tena. Unachotazama ni alama za gia na ya kranki.

Halafu silikoni. Kwenye 1NZ pampu ya oili imo ndani ya kava lile lile la mbele, kwa hiyo silikoni ikipakwa kama siagi kwenye mkate, inayobaki ndani inamenyeka na kwenda kuziba chujio. Mzee alipaka uzi mwembamba. Tena alishusha sampu yote akasafisha chujio, kazi ambayo wengi wanaikwepa kwa sababu mwenye gari haioni. Tulikuta humo vipande vya gaidi vimelala kama maganda ya karanga. Akaacha silikoni ikauke usiku kucha ndipo akajaza oili mpya, lita tatu na nusu na zaidi kidogo, pamoja na filta mpya.

Kabla hatujaondoka alifanya kitu ambacho nimekikumbuka njia nzima ya kurudi Dar. Alichukua cheni ya zamani na boksi la ile mpya, ambamo alikuwa ameibandika alama ya urefu kabla ya kuifunga. Akaitundika ile ya zamani kwenye msumari. Ikavuka alama. Si sana, wala usingeona bila kuinama. Mdogo wangu aliinama, akaangalia, akaishika kwa vidole viwili akaichezesha pingili moja moja. Miaka minne ameshika cheni, huyu hakuhitaji kuambiwa kitu.

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa ile ile. Akapiga stata. Injini ikawaka, ikanyamaza pale pale inapotakiwa kunyamaza, ikabaki inanguruma kama paka aliyeshiba. Sote tulikuwa tumeshikilia pumzi. Redio ilikuwa imezimwa.

Ah! Nilitaka kusahau. Mtauliza mkwanja ulitoka wapi, maana seti nzima, oili na mkono wa fundi si hela ya soda, na kikoba kilikuwa kinamsubiri Ijumaa na marejesho yake. Mimi nilichangia nauli ya mzigo na maneno mengi. Yeye aliuza chensoo.

Hakutaka. Ile chensoo ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwenye gunia, akiba yake: gari likigoma anarudi porini. Alizunguka nayo akilini siku nzima. Aseme aendeshe hivyo hivyo mwezi mmoja, alipe kikoba, ndipo atengeneze? Wenzake kijiweni walimwambia mwezi mmoja si kitu. Yule wa Vitz peke yake ndiye hakusema neno, alikuwa amekaa pembeni anatafuna muwa.

Mnunuzi alikuja jioni, kijana mdogo hata ndevu hazijashika, anakwenda kuanza kazi Sao Hill wiki inayofuata. Hakuuliza bei kwanza. Alifungua kifuniko cha tangi la oili ya cheni, akachungulia, akatia kidole, akanusa. Akaiwasha, akaelekeza ncha ya baa juu ya kipande cha boksi jeupe, lile lile la spea kutoka Kariakoo, akaongeza moto. Mstari mwembamba wa matone ya oili ukachoreka kwenye boksi.

"Inatema vizuri," akasema. "Hii ilikuwa ya mtu anayejua kutunza."

Mdogo wangu alinitazama kwa jicho la pembeni, akaanza kuhesabu hela.